Mshale Niliouchora Mwenyewe

Injinia Masatu ameniomba niwaandikie ninyi mnaokaa sasa kwenye meza yangu, ile iliyo karibu na dirisha lisilofunga sawasawa. Alisema niandike kurasa chache tu, namna kazi ilivyokuwa. Nikamuuliza kama anataka na vyeo nilivyopanda, akacheka, akasema hivyo hakuna atakayevisoma. Basi nimekaa hapa kwangu Musoma, chai nimeshakunywa, nguo nimeshaanika, na hakuna mtu anayesimama mlangoni akiuliza faili liko wapi. Katika raha zote za kustaafu, hiyo ndiyo ninayoifurahia kila asubuhi.

Kwenye barua ya ajira niliitwa msimamizi wa nyaraka za majaribio ya mitambo. Sikumbuki mtu aliyewahi kulitamka jina hilo lote bila kupumzika katikati. Kiwandani niliitwa Mama Fomu, na niliitika. Kazi yenyewe ni hii: mtambo mpya ukishafungwa, kabla haujaanza kazi, kila kiungo chake kinajaribiwa. Pampu inazunguka? Koki inafunga? Taa nyekundu inawaka inapotakiwa kuwaka? Kila jaribio lina karatasi yake, na kila karatasi inataka saini ya mtu aliyeona kwa macho yake. Mimi nilizitayarisha karatasi hizo, nikafuatana na mafundi nazo, nikazirudisha na kuzipanga, mpaka siku mwenye kiwanda anapokabidhiwa mtambo pamoja na mafaili yake. Watu wanadhani mzigo ni mtambo. Muulizeni yeyote aliyewahi kuyapandisha yale mafaili ngazini.

Nilianzia Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nikiwa msichana niliyejua kupiga taipu na si mengi zaidi. Siku ya kwanza nilivaa gauni jeusi nililoshonewa kwa ajili ya kazi. Kufika saa nne nilikuwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, na nilikuwa nimepiga chafya hadi karani mwenzangu akaniuliza kama kwetu hakuna pamba. Kwetu pamba ilikuwepo, tena tuliilima sisi, lakini shambani inakaa kwenye mti wake. Haikufuati puani.

Nilikabidhiwa kwa Mzee Mafuru, fundi mkuu, mtu mrefu asiyependa watu wa ofisini na asiyeficha. Fomu ya kwanza niliyompelekea ilihusu mkanda wa mashine ya tatu, kama umekaza. Niliandika umekaza, kwa sababu fomu ya wiki iliyotangulia ilisema umekaza. Mzee Mafuru hakuisoma. Aliipeleka puani, akainusa, akanirudishia. Karatasi iliyotoka kwenye mashine, alisema, inanuka mafuta, na hii inanuka sabuni ya kuogea. Akanichukua mpaka kwenye mashine, akaizima, akanishika kiganja na kukiweka juu ya mkanda. Ulikuwa umelegea kabisa.

"Kwanza mkono, binti," aliniambia. "Kalamu baadaye."

Nilikaa chini yake miaka mingi, na aliyonifundisha yanaingia kwenye ukurasa mmoja. Kugusa kwanza nimeshawaeleza. La pili ni karatasi mbili. Ile unayokwenda nayo kwenye mtambo, yenye alama za vidole na mafuta, ndiyo karatasi yenyewe. Ile safi unayoipiga taipu baadaye ni ya wakubwa. Usiitupe ile chafu hata siku moja. La tatu, ukikosea usifute. Piga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, andika lililo sahihi pembeni, weka saini. Kile kidude cheupe cha kufutia maandishi alikichukia. Nilipokileta mara ya kwanza, nikijiona wa kisasa, alikitupa pipani. "Ukifuta tutajuaje ulikosea wapi?" alisema. Nilikiokota baadaye nikampa mtoto wa jirani apake kucha.

Pamba ilipopungua, na Mzee Mafuru alipokwenda kupumzika kwake na ng'ombe zake, nilihangaikahangaika kwenye ofisi za hapa na pale. Ndipo kikaja kiwanda cha Kiabakari cha kuchakata betri. Walitaka mtu wa mafaili anayeweza kutembea na mafundi bila kulalamika juu ya viatu. Mimi viatu nilishavizoea.

Ninyi mtambo mnaujua, lakini kuna watakaousoma ukurasa huu wasioujua, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Betri zilizokufa zinaletwa kutoka kila upande: za malori, za pikipiki, zile za sola zilizowasha taa vijijini hadi zikachoka. Zinapasuliwa kwenye mashine, maji yake makali yanashuka kwenye tangi, plastiki inaelea, madini ya risasi yanazama. Risasi inakwenda kwenye tanuru na kuyeyushwa. Tanuru linatoa moshi na vumbi, na vumbi hilo ndilo adui. Halina harufu ya kukuonya, haliwashi ngozi. Linaingia tu kwenye damu na kukaa. Ndiyo maana juu ya tanuru pana mdomo mpana wa bati unaovuta, na bomba nene, na chumba cha mifuko mirefu ya kitambaa inayokamata vumbi, na mwisho wa yote feni kubwa inayovuta hewa kupitia hapo kote. Feni ikivuta, watu wanapumua. Isipovuta, sitaki kusema.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha. Makabati yalikuja yamejaa fomu za Kiingereza kilichotafsiriwa kutoka lugha nyingine na mtu aliyekuwa na haraka. Kila pampu ilikuwa na herufi na namba ndefu, na vijana wetu, wengi watoto wa wafugaji, hawakuzishika. Baba yangu mwenyewe hakuwa anahesabu ng'ombe. Aliwatazama jioni wakiingia zizini, akajua yupi hayupo. Vijana nao wakazipa pampu majina ya ng'ombe kwa rangi zake: Madoa, Nyekundu, Tumbo Jeupe. Mtaalamu aliyeletwa na watengenezaji alinikuta nikiongeza safu kwenye fomu zake, nimeiandika "jina la hapa", akaniuliza ni ya nini. Nikamweleza. Wiki iliyofuata nilimsikia akipiga kelele kwenye simu ya upepo kwamba Tumbo Jeupe izimwe, na ilizimwa ile ile aliyoikusudia. Tangu hapo tuliheshimiana.

Huyu mtaalamu aliondoka mapema. Baba yake aliugua huko kwao, na hakuna mtu wa Mara atakayemlaumu kwa hilo. Aliacha maagizo kwamba yaliyobaki tuyamalize wenyewe, na simu yake iko wazi. Kilichobaki kikubwa kilikuwa feni.

Na hapo ndipo lilipoingia lile jambo letu. Wageni walikuwa wanakuja kuzindua kiwanda, wakubwa wa mkoa na wenye mtaji. Sasa, kwetu mkwe akitarajiwa, nyumba inasiribwa upya kwa udongo. Hata kama ukuta ni mzima, unausiriba, kwa sababu kumpokea mgeni kwenye ukuta wa zamani ni kumwambia hukumtarajia. Meneja wetu hakuwa na haja ya kutufundisha. Alisema tu anataka mitambo ipendeze, akanikabidhi mimi usimamizi, maana kusiriba ni kazi ya wanawake na mimi ndiye mwanamke mkubwa pale. Nilichukua wanawake sita wa usafi, ndoo za rangi ya kijani na brashi, tukafanya kazi siku mbili. Tuliimba. Feni ilikuwa imekwaruzwa njiani kwenye lori, tukaipaka mara mbili kuliko vingine vyote. Iling'aa mpaka unajiona.

Kesho yake Masatu, wakati huo injinia kijana aliyemaliza chuo juzi, aliunganisha nyaya za mota na kuiwasha feni. Ikazunguka vizuri, haitetemeki. Nikatoa fomu yangu. Swali la kwanza lilikuwa kama feni inazunguka kufuata mshale uliochorwa kwenye ganda lake. Tukautafuta mshale, haukuwepo. Ulikuwa chini ya rangi yetu ya kijani, na kabandiko kake.

"Mama, wewe una mkono usiotikisika," Masatu aliniambia. "Tuchoree mwingine."

Nilichukua brashi na rangi nyeupe. Nilitazama mhimili unazunguka kwenda wapi, nikachora mshale mzuri ulionyooka, kichwa chake kimechongoka, kuelekea huko huko. Kisha nikarudi kwenye fomu. Je, feni inazunguka kufuata mshale? Ndiyo. Nikaweka mkono juu ya mota kama nilivyofundishwa, nikahisi joto lake, nikatia tiki. Masatu akasaini, nikasaini. Karatasi ilinuka rangi na mafuta. Hata Mzee Mafuru angeipokea.

Mimi nawaandikia hili polepole makusudi, maana najua kuna anayesoma ambaye ameshashika kichwa. Sisi wawili hatukushika chochote. Kipimo cha mvuto wa hewa kilisoma chini kuliko kilivyotakiwa, tukaandika kwenye orodha ya mabaki, ile ya kazi ambazo hazijakwisha, kwamba kitasomwa tena tanuru likishapata moto. Mota ilikula umeme kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye kitabu. Meneja alifurahi sana kwa hilo, akaliweka kwenye hotuba yake. Wageni wakaja, wakala sato na nyama, wakapita mbele ya feni, wakasifu usafi. Orodha ya mabaki ikaingia kabatini, na kazi ikawa nyingi, na sikuifungua tena. Hilo nalo nalisema kwa sababu ni langu.

Sasa nimlete Bhoke. Alikuwa mmoja wa wale wanawake sita, kijana, mzaliwa wa upande wa Bunda, sauti yake ndiyo iliyoongoza nyimbo za kupaka rangi. Kazi yake ilikuwa kufagia kwa maji chini ya tanuru. Alikuwa na mtoto mchanga wa miezi saba nyumbani, na alimtaja kila baada ya sentensi mbili, utadhani mtoto huyo ndiye mwenye kiwanda. Watu wa afya walipokuja kupima damu zetu, risasi kwenye damu ya Bhoke ilikuwa juu. Walipokuja mara ya pili ilikuwa juu zaidi. Wenzake waliokaa karibu na tanuru nao ilikuwa imepanda, ila si kama yake.

Meneja akaitisha kikao. Hakuwa mtu mbaya, mjue hivyo. Alikuwa mtu aliyeambiwa na wakubwa wake atafute sababu kabla ya Ijumaa. Alisema risasi inaingia mdomoni kwa mikono michafu, na kuna watu wanakula bila kunawa, na wengine wanashusha barakoa. Kisha akaweka kiganja juu ya faili langu la kijani. Alisema mitambo haina tatizo, imepimwa yote, Mama Fomu ameandika na kusaini, na Mama Fomu haandiki asichokiona. Akamaliza kwa kusema Bhoke ataondolewa kazini mwisho wa mwezi, kwa usalama wake mwenyewe.

Nilijisikia vizuri kusifiwa, siwafichi. Bhoke alinisubiri nje kwenye koki ya maji. Hakulia. Alinionyesha mikono yake, ngozi imechubuka.

"Mama, mimi nanawaga," alisema. "Nanawaga hadi viwiko. Nikifika nyumbani naoga kwanza ndo nimshike mtoto. Sasa hiyo kitu inaingilia wapi?"

Nikamwambia aongeze sabuni. Ndilo jibu nililompa. Mpaka leo nikilikumbuka nataka kujificha nyuma ya mlango.

Jumamosi hiyo nilikwenda Butiama kwa dada yangu Nyabise, anayekaa kwenye nyumba ya marehemu mama. Binti yake alikuwa anachumbiwa, wageni wa posa wangekuja Jumapili, na nyumba ilitakiwa kusiribwa. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa tangu mvua za masika. Dada alikuwa ameweka alama ya mkaa pale ufa ulipoishia, ili ajue kama unaendelea. Ukiendelea, ataita fundi kabla ya mvua nyingine, usipoendelea, ataacha. Akaniambia nisiuguse ufa, nisiribe pembeni tu. Nami nikausafisha ukuta kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuanza, kama tulivyofundishwa na mama, na ule mkaa ukaenda na maji. Nilipoona hivyo nikachukua kipande kingine cha mkaa jikoni, nikaweka alama mpya pale pale ufa ulipoishia, nikaendelea na kazi.

Dada alikuja na uji, akainama kutazama. Uso wake ukachangamka. Alisema afadhali, ufa haujasogea hata kidogo, uko palepale kwenye alama, fundi hana haja ya kuja.

Niliitazama ile alama yangu ya mkaa. Nilikuwa nauona mshale. Brashi yangu, rangi nyeupe, kichwa kimechongoka. Nilikaa chini kwenye udongo na gauni langu. Dada akadhani ni jua.

"Dada," nilimwambia, "hiyo alama nimeiweka mimi sasa hivi. Ya kwako niliifuta."

Aliugusa ufa kwa kidole. "Sasa nitajuaje?"

"Hutajua. Muite tu fundi."

Niliwaona wageni wa posa, nikala nao, nikacheka panapotakiwa. Lakini sikumsikia mtu. Jumatatu asubuhi nilifika kiwandani kabla ya mlinzi wa mchana, nikatoa kitabu cha watengenezaji, nikatafuta ukurasa wa feni. Feni ya aina ile imekaa kama ganda la konokono. Mapanga ya ndani lazima yazunguke kuelekea kule ganda linakopanuka na kutoa hewa. Mchoro ulikuwa na mshale mdogo. Nikaenda nao mpaka kwenye feni, nikausimamisha mbele ya mshale wangu. Mmoja ulikwenda kulia, mwingine kushoto.

Masatu alipokuja nilimwonyesha mishale yote miwili. Aliufuata wa kitabu kwa kidole, kisha wangu. Feni ikizunguka kinyume, alinieleza, bado inatoa hewa. Ndiyo maana inadanganya watu. Inatoa kidogo, na inakula umeme kidogo kwa sababu haifanyi kazi kubwa. Vumbi lote ambalo lilitakiwa kupanda kwenye mifuko lilikuwa linashuka juu ya kichwa cha anayefagia. Akaniambia nyaya mbili za mota zilipishana, ni kosa lake, yeye ndiye aliyeunganisha. Nikamwambia nyaya kupishana ni kosa la kila siku, ndiyo maana mshale upo. Mimi ndiye niliyeufuta mshale, na mimi ndiye niliyeliuliza swali na kujijibu.

Tulikwenda kwa meneja pamoja. Alisikiliza, akafunga mlango. Wasiwasi wake ulikuwa wa kweli: faili lile lilikuwa limeshakwenda kwa wenye mtaji na kwa wakaguzi, limesainiwa na kila mtu. Karatasi moja ikisemwa si kweli, wataulizia na nyingine zote. Akapendekeza nyaya zibadilishwe kimya kimya, faili libaki lilivyo. Nikamuuliza, na Bhoke? Akasema habari ya Bhoke imeshaamuliwa na wakubwa, kwamba ni mikono michafu, na huwezi kuwarudia wakubwa na habari nyingine bila karatasi.

"Karatasi ndiyo kazi yangu," nilisema.

"Mama, umebakiza miezi michache ustaafu. Unatafuta nini?"

"Natafuta kusaini upya."

Nilikuwa nimeibeba ile karatasi chafu, yenye rangi ya kijani pembeni. Niliiweka mezani kwake, nikapiga mstari mmoja juu ya ile "ndiyo" yangu, iendelee kusomeka. Pembeni nikaandika kwamba mshale ulichorwa na mimi baada ya feni kuwashwa, kwamba feni ilizunguka kinyume tangu siku hiyo, na kwamba waliofanya kazi chini ya tanuru hawakuwa na kosa. Nikasaini. Saini ile imepinda hadi leo. Masatu akachukua kalamu akasaini chini yangu. Meneja aliitazama karatasi, akatutazama sisi, kisha akavuta kiti, akaketi, akasaini na yeye. Hilo sikulitegemea, na tangu siku hiyo nilimpenda.

Kubadilisha zile nyaya mbili kulichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Tanuru lilikuwa limezimwa. Wote walikuja kusimama, na Bhoke alikuwa nyuma kabisa. Masatu alipowasha, hata viziwi wangejua. Ile feni tuliyoizoea ilikuwa inanguruma na kulalamika. Hii ilitoa sauti moja nzito, iliyotulia. Mifuko kwenye chumba cha chujio ilisimama, imejaa hewa, na sisi tulizoea kuiona imelala. Masatu akawasha kipande cha gunia na kukishika chini ya mdomo wa bati. Moshi ulipinda wote, ukapanda juu bila kubaki hata uzi. Niligeuka kumtafuta Bhoke. Alikuwa ameshafika mbele, anautazama moshi unavyoondoka, na mikono yake ameikunja kifuani.

Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba alisema kweli na mimi sikumsikiliza. Aliniacha nimalize. Alisema ameshukuru, ila ile sabuni niliyomwambia aongeze ilikuwa imemmaliza ngozi. Watu walicheka, nami nikacheka na kulia pamoja, nikiwa na faili mkononi.

Bhoke hakuondolewa. Alihamishiwa kwa muda kwenye upande wa plastiki, mbali na tanuru, na kila damu ilipopimwa alileta karatasi yake ofisini kwangu kabla ya kuipeleka kwa mumewe. Ilishuka, ikashuka tena. Mtoto wake naye alipimwa, na siku majibu yake yalipokuja kuwa mazuri tulifunga ofisi mapema, jambo ambalo kwenye maisha yangu ya kazi nimelifanya mara moja tu. Wakaguzi nao walikuja, wakazipitia karatasi zangu chafu siku tatu nzima. Walikuta makosa mengine mawili madogo, yote yamepigwa mstari mmoja. Mmoja wao aliniomba nakala ya fomu yenye safu ya "jina la hapa". Masatu siku hizi ananusa karatasi. Mkimwona, msimcheke, ana sababu.

Mshale mpya sikuuchora. Masatu aliukata kutoka kwenye kipande cha chuma, akaulinganisha na mchoro wa kitabu, akauchomelea kwenye ganda la feni. Mimi niliweka sharti moja: upana wa viganja viwili kuuzunguka, pasipakwe rangi kamwe, hata aje nani.

Mwezi uliopita waliniita kiwandani kama mgeni, na nilifika nimevaa kitenge kipya na viatu visivyofaa. Kulikuwa na wageni wengine kutoka mbali. Kila kitu kilikuwa kimepakwa upya kwa ajili yetu, kama inavyostahili. Aliyetuzungusha ni Bhoke, ambaye sasa ndiye msimamizi wa usafi na usalama chini ya tanuru. Tulipofika kwenye feni, mama mmoja akauliza kwa nini pale penye mshale pameachwa na kutu wakati kwingine kote kunang'aa. Bhoke alinitazama kwanza. Nikamwashiria aseme.

"Hapo mama yetu huyu alikosea," aliwaambia, "akaja kusema mwenyewe. Ndiyo maana mnanikuta hapa."

Kisha akatupeleka wote kwenye koki ya maji, mimi nikiwemo, akasimama akihakikisha tumenawa hadi viwiko.